Manyoya ya mbwa na paka ndani ya gari: yatoke kwanza, maji yafuate

Gari likifika sehemu ya kuoshea, kitu cha kwanza kutafutwa ni maji. Milango inafunguliwa, kapeti za miguuni zinatupwa nje, povu linamwagwa kwenye viti na brashi inaanza kazi. Kwa gari lenye vumbi na matope peke yake, utaratibu huo hauna ubaya mkubwa. Lakini kwa gari ambalo mbwa wa nyumbani hupanda kwenye buti, au ambalo paka alisafiri ndani yake kupelekwa kwa daktari wa mifugo, dakika hizo tano za mwanzo ndizo zinazoharibu kazi ya siku nzima.

Songea mazungumzo ya pale huwa mafupi, Jumamosi asubuhi, foleni ikiwa ndefu.

“Shikamoo, mama. Ndani na nje?”

“Marahaba, mwanangu. Ndani na nje, lakini kuna manyoya ya mbwa huko nyuma.”

“Usijali mama, yatatoka na povu.”

Hayatoki na povu. Unyoya wa mnyama, ukitazamwa kwa hadubini, una magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Ukilowa na kusuguliwa, magamba hayo hushikana na ya unyoya mwingine, na yote hushikana na nyuzi za kitambaa. Ni njia ileile wanayotumia watengenezaji wa kofia za sufi: sufi, maji ya moto, sabuni na kusugua, hadi inakuwa kitu kimoja kisichochanika. Kijana anayesugua kiti chenye manyoya kwa brashi na povu anatengeneza kofia bila kujua. Kiti kikiwa kibichi manyoya hayaonekani, na mwenye gari anaondoka akiwa ameridhika. Siku mbili baadaye kitambaa kimekauka, manyoya yamesimama tena, na safari hii yameingia ndani zaidi kuliko mwanzo.

Hilo ni suala la usafi na la fedha iliyolipwa bure. Kwenye nyumba yenye mtoto mwenye pumu au mzio, uzito wake ni mwingine kabisa.

Kinachomkohoza mtoto

Watu wengi huamini kwamba manyoya yenyewe ndiyo yanayoleta mafua na kikohozi. Ukweli ni kwamba manyoya ni mchukuzi tu. Kinachosumbua ni protini zinazotoka kwenye mate ya mnyama, kwenye mafuta ya ngozi yake na kwenye magamba madogo ya ngozi yanayopukutika kama ukoko wa kichwani. Paka hujilamba mwili mzima, mate yakakauka kwenye manyoya, yakavunjika kuwa unga mwepesi kuliko unga wa sembe. Mbwa naye anatema, anajikuna, anajipukuta. Unga huo unakaa kwenye kitambaa, na mtu akikaa kitini unapanda hewani.

Sehemu ya unga wa paka ni ndogo kiasi kwamba hubaki hewani kwa saa kadhaa na hufika ndani kabisa ya mapafu. Sasa mtu afikirie gari dogo la abiria watano, vioo vimepandishwa kwa sababu ya baridi ya Julai ya Songea, feni inapuliza, na mtoto wa miaka minne yuko kiti cha nyuma palepale mbwa alipokuwa amejilaza jana. Chumba cha kulala kina dirisha na nafasi. Gari ni kisanduku.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na ugonjwa huo ulisababisha vifo 455,000. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wagonjwa wengi hawapati uchunguzi wala dawa za kutosha. Nyumbani utasikia mtoto “ana kifua”, anapewa dawa ya kikohozi ya maji, anapona, anaumwa tena, na hakuna anayeunganisha kikohozi hicho na safari ya Jumapili kwenda kumsalimia bibi Mbinga.

Namna ya kuunganisha ni rahisi na haihitaji mashine. Mzazi aangalie ni lini kikohozi, chafya au macho kuwasha vinaanza. Vikianza dakika chache baada ya kuingia kwenye gari na kupungua muda mfupi baada ya kushuka, gari lina kesi ya kujibu. Vikiwepo usiku na mchana, nyumbani na shuleni, basi pengine sababu ni nyingine: moshi wa jikoni, vumbi, ukungu wa ukutani, au maambukizi ya kawaida. Songea ina vumbi lake jekundu la kiangazi, na si haki mbwa abebeshwe dhambi za barabara. Maelezo hayo ya lini na wapi, mzazi akiyaandika hata kwenye simu, yatamsaidia sana daktari.

Mwenye gari asiyefuga mnyama

Kuna familia zinazosoma hapa na kusema, sisi hatuna mbwa wala paka, haituhusu. Wasubiri kidogo.

Magari mengi yanayotembea mitaani, kuanzia Msamala hadi Lizaboni, yalitumika Japani kabla ya kushushwa Bandari ya Dar es Salaam. Kule mbwa mdogo hupanda gari kama mwanafamilia, na paka hubebwa kupelekwa kliniki. Wakaguzi wa minada ya magari nchini Japani huandika kwenye karatasi ya mnada kasoro za gari, na mojawapo ya mambo wanayoyaandika ni harufu ya sigara na harufu ya wanyama. Mnunuzi wa Tanzania huangalia injini, kilomita na rangi. Maandishi madogo ya Kijapani pembeni hayasomi, na mara nyingi hata karatasi yenyewe haijawahi kumfikia.

Unga wa paka una subira. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia nyumba ambazo paka waliondolewa. Katika nyumba nyingi ilichukua wiki 20 au zaidi kabla ya protini ya paka kushuka hadi kiwango cha nyumba isiyo na paka. Hiyo ni miezi mitano, na hizo ni nyumba zinazofagiliwa na kufunguliwa madirisha. Gari lililofungwa vioo, likakaa yadi, likapanda meli, likakaa bandarini, halikupata hata huo upepo. Kwa hiyo mama aliyenunua gari juzi na anashangaa kwa nini mwanawe anapiga chafya ndani yake, huku nyumbani hakuna hata kuku, asidhani ni ushirikina wala harufu ya upya. Ainue kiti cha nyuma na kumulika kwa tochi ya simu kwenye reli za viti. Atakachokikuta hapo mara nyingi kitajibu swali.

Unga huo pia unasafiri kwa nguo. Jirani mwenye paka watatu akipewa lifti ya kila siku, anaacha sehemu yao kitini. Hilo halina maana kwamba jirani anyimwe lifti.

Kwa nini mpira unashinda brashi

Kazi ya kutoa manyoya ni ya mikono, inachosha, na ndiyo sababu waosha magari wengi huiruka. Kwa gari la ukubwa wa kati lililobeba mbwa kwa miezi kadhaa, inaweza kula asubuhi nzima. Mwenye gari anayetaka ifanywe sawasawa aseme mapema, na asitegemee bei ya kawaida ya kuosha. Au aifanye nyumbani kabla ya kulipeleka, jambo ambalo kwa familia nyingi ndilo rahisi zaidi.

Siku nzuri ni kavu, isiyo na upepo mkali. Gari linaegeshwa nje, milango yote na buti vinafunguliwa, na linaachwa lipumue kwa nusu saa. Kapeti za miguuni zinatolewa na kupigwa mbali na nyumba, mpigaji akisimama upande upepo unakotokea, ili vumbi limkimbie badala ya kumfuata.

Kisha mpira. Glavu ya mpira ya kuoshea vyombo ndiyo kifaa bora kwa bei yake. Mkono ukiwa ndani ya glavu, unapitishwa juu ya kiti kwa mwelekeo mmoja, kuvuta kuja kwako, si kwenda na kurudi. Mpira unashika manyoya, yanakusanyika kuwa kamba nene, na kamba hiyo inaokotwa na kutiwa kwenye mfuko. Asiye na glavu atumie mpira wa kukaushia sakafu, ule wenye mpini, hasa kwenye buti ambako eneo ni pana. Soli ya ndala safi nayo inafanya kazi hiyo vizuri, ingawa ndala nyeusi inaweza kuacha alama kwenye kiti cha rangi ya maziwa, hivyo ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana.

Brashi yenye nywele za plastiki ina tatizo moja: inaposugua kwa kasi kwenye hewa kavu inazalisha umeme tuli, ule unaofanya nywele zisimame mtu akivua sweta. Manyoya yenye umeme tuli huruka kutoka kwenye kiti kwenda kwenye dari, kutoka kwenye dari kwenda kwenye nguo. Kwa miezi ya Juni hadi Oktoba, Ruvuma ikiwa kavu, mchezo huu unachosha sana. Dawa yake ni ukungu wa maji kutoka kwenye chupa ya kupulizia. Ukungu tu. Kiganja kikiwekwa juu ya kiti kihisi ubaridi bila kulowa. Kiasi hicho kinaua umeme na hakitoshi kuyagandisha manyoya. Wapo wanaoongeza kilainishi cha nguo chenye manukato kwenye chupa hiyo, na kweli kinasaidia, lakini kwenye gari la mtoto mwenye pumu ni afadhali maji matupu, kwa sababu manukato makali nayo hubana kifua.

Zulia la sakafuni ni gumu zaidi kwa sababu nyuzi zake ni ngumu na fupi, na manyoya mafupi ya mbwa huingia humo kama sindano. Hapo jiwe la kusugulia visigino linafanya maajabu. Linapitishwa kwa wepesi, mwelekeo mmoja, na manyoya yanapanda juu. Lisiguse viti. Kwenye kitambaa laini chenye malaika, au kwenye ngozi, jiwe hilo litaacha jeraha ambalo hakuna fundi atakayelifuta.

Selotepu pana inabaki kwa maeneo madogo: mikanda ya usalama, pembeni mwa milango, na dari. Dari ya gari imebandikwa kwa gundi juu ya sponji nyembamba, na mkono mzito unaweza kuishusha, hivyo ibonyezwe kidogo na kubanduliwa. Mikanda ivutwe hadi mwisho wake. Mbwa akilala kiti cha nyuma, mkanda hujiviringisha na manyoya yake ndani, na kila mtoto anapofungwa unamletea mgawo mpya kifuani.

Baada ya hapo ndipo vakyumu inaingia, na kwa kuwa manyoya mengi yameshatoka, haitaziba. Ipite taratibu. Watu huipeleka vakyumu kama fagio, wakati kazi yake inahitaji kukaa sekunde chache mahali pamoja. Mshono kati ya mgongo na kalio la kiti, reli za chini na pembe za buti ndiyo maghala makuu. Kwenye nyumba isiyo na vakyumu, na hizo ndizo nyingi, mpira, selotepu na kitambaa chenye unyevu kidogo vitafanya sehemu kubwa ya kazi.

Kompresa ya fundi wa matairi inahitaji neno lake. Ni ya haraka, inapuliza kila kitu kutoka kwenye kona, na inapendwa. Lakini inachukua unga wote uliokuwa umetulia kwenye kitambaa na kuurusha hewani usoni mwa kijana anayeishika. Ikilazimu kutumika, milango yote iwe wazi, mshikaji awe na barakoa, na mtoto asiwe karibu. Gari lililopulizwa lisipakiwe watu palepale.

Mapafu ya anayesafisha

Hapa kuna jambo ambalo kurasa za usafi huwa zinaliruka. Nyumbani, kazi hii hukabidhiwa dada wa kazi au mtoto mkubwa wa likizo, bila mtu kuuliza kama naye ana pumu. Sehemu ya kuoshea, kijana mmoja huyafungua magari mengi kwa siku, vumbi la kila familia likipita puani mwake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Barakoa na glavu havigharimu kiasi cha kumfilisi mwenye biashara. Mteja anayeomba gari lake litolewe manyoya anaweza pia kuuliza kama kijana ana barakoa, na kama hana, kuchomoa moja kutoka kwenye boksi lililobaki tangu wakati wa korona.

Mwenye pumu asifanye kazi hii kabisa, hata kama gari ni lake na anaipenda. Mtoto mwenye tatizo akae mbali kwa saa kadhaa baada ya kazi kumalizika, mpaka unga utulie na ufutwe.

Na kwa kuwa gari litaachwa wazi uani kwa muda mrefu, watoto watataka kulichezea. Gari likifungwa juani, joto la ndani linaweza kupanda kwa karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, hata siku isiyo ya joto kali. Mtoto aliyejifungia ndani hawezi kujitoa. Funguo zikae mfukoni mwa mtu mzima na watoto wahesabiwe kabla ya milango kufungwa.

Viroboto na mapunye

Mbwa au paka mwenye viroboto huacha mayai yake kitini. Kirobaka huyo akishakua hujifungia kwenye kifuko kama cha kiwavi, na ndani ya kifuko hicho dawa nyingi za kuua wadudu hazimfikii. Anaweza kusubiri kwa wiki, hata miezi, na anatoka akihisi joto na mtikisiko, yaani mtu anapokaa. Ndiyo maana gari lililokaa bila kutumika huuma zaidi siku ya kwanza linapowashwa. Mtikisiko wa vakyumu nao huwaamsha, jambo zuri, mradi mfuko wa uchafu utolewe nje na kufungwa siku hiyohiyo, na kazi irudiwe baada ya wiki moja au mbili kuwapata waliochelewa.

Kinachotisha ni njia za mkato. Ruvuma ni mkoa wa mahindi na karibu kila ghala lina dawa ya kuhifadhia nafaka. Dawa hiyo isinyunyizwe kwenye gari. Nyingi ni za kundi la sumu zinazoshambulia mishipa ya fahamu, na kwenye kisanduku kilichofungwa, chenye mtoto anayelamba vidole, ni hatari kuliko viroboto wote wa mji. Anayepaswa kutibiwa ni mnyama, kwa dawa ya mnyama, kwa ushauri wa ofisi ya mifugo. Dawa ya mbwa pia haipakwi paka bila kuuliza, kwa sababu baadhi ya dawa za viroboto zilizo salama kwa mbwa huua paka.

Kuhusu mapunye, ni kweli kuna fangasi wa paka na mbwa anayeweza kumhamia mtoto, na mbegu zake huweza kubaki hai kwenye manyoya yaliyodondoka kwa zaidi ya mwaka. Lakini mapunye mengi ya watoto wetu huambukizwa na watoto wenzao, kwa mashine za kunyolea, vitana na kofia. Paka asifukuzwe kabla kinyozi hajaulizwa.

Kichaa cha mbwa nacho kiwekwe mahali pake. Kinaenea kwa kung'atwa, au kwa mate mabichi kuingia kwenye jeraha, macho au mdomo. Manyoya makavu kwenye kiti hayakiambukizi. Chanjo ya mbwa kila mwaka na kuosha jeraha la kung'atwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali ndiyo mambo yanayookoa maisha.

Kiti cha jirani

Songea gari la familia ni la mtaa pia. Linabeba mgonjwa usiku, linaingia kwenye msafara wa msiba, linapeleka bibi harusi. Miongoni mwa majirani wapo Waislamu, ambao wengi wao hapa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, na kwa mafundisho hayo mbwa ni najisi. Kinachoguswa naye kikiwa na unyevu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya Ijumaa akiona manyoya ya mbwa kitini atasitasita, na kwa adabu hatasema kitu, atasema tu kwamba atatembea. Mwenye gari anayejua hilo humpangia mbwa buti pekee, na hutandika shuka maalumu linalotolewa na kufuliwa peke yake. Ni jambo dogo, na linaokoa mengi yasiyosemwa.

Maji sasa

Manyoya yakishatoka, kuosha kwa kina kunakuwa kazi ya kawaida, na kwa bahati nzuri inahitaji maji machache. Povu jepesi, kitambaa au brashi laini, kisha kukausha kwa taulo kavu. Sabuni ya unga ikizidi hubaki kwenye sponji na kuvuta vumbi upya. Jiki haifai kwenye viti: inakula rangi na mvuke wake unabana kifua. Isichanganywe kamwe na siki wala na dawa yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Kukausha ndiko watu wanakokosea baada ya kupatia mengine yote. Sponji ya kiti iliyoloa ikikaa zaidi ya saa 24 hadi 48 bila kukauka, ukungu huanza, na ukungu ni mchokozi mwingine wa pumu. Kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimeshika, ni busara kutoa manyoya na kuishia hapo, kuosha kwa maji kukasubiri jua. Julai jua lipo lakini usiku ni wa baridi na umande, hivyo kazi ianze asubuhi mapema, isianze saa tisa alasiri.

Wanaopeleka gari mtoni wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mto Ruvuma wenyewe unaanzia kwenye Milima ya Matogoro, hapahapa, na povu linalomwagwa kwenye kijito cha juu hunywewa na watu wa chini.

Kitu cha mwisho kufanywa ndicho kinachosahaulika zaidi: filta ya hewa ya ndani. Kwenye magari mengi ya Japani ipo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria na hutoka kwa mkono bila bisibisi. Wapo waliomiliki gari miaka mitano bila kujua ipo. Ikiwa imejaa manyoya na vumbi, kiti kilichooshwa vizuri hakitasaidia, kwa sababu feni ikiwashwa inarudisha kila kitu usoni. Ibadilishwe. Kuipiga-piga ukutani na kuirudisha hakutoshi kwa mwenye pumu. Na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yaondolewe. Yanaficha harufu, yanaongeza uchokozi.

Kwa safari yenyewe, mbwa achanwe manyoya nje ya gari kabla ya kupanda, na anayemchana asiwe mtoto mwenye mzio. Mnyama akae buti, juu ya shuka, mtoto akae mbele ya hapo vioo vikiwa wazi kidogo. Hakuna aina ya mbwa isiyo na mzio, hata wanaouzwa kwa jina hilo.

Dawa ya kuvuta ya mtoto iwe kwenye mkoba wa mama, isiachwe kwenye dashibodi inakochomwa na jua. Mtoto mdogo huihitaji kupitia chemba, na chemba haipatikani kila duka. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa dawa na kuzibwa kwa gundi, ilifanya kazi sawa na chemba ya kununuliwa. Mhudumu wa afya anaweza kumwonyesha mzazi jinsi ya kuitengeneza.

Kati ya Songea na Njombe kuna zaidi ya kilomita 200, na sehemu ndefu za njia hazina hospitali jirani. Mtoto anayehema haraka huku mbavu zikiingia ndani, asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye midomo na ulimi wake vinabadilika rangi, asisubirishwe hadi mwisho wa safari. Gari lisimame, dawa itolewe, vioo vyote vifunguliwe, na safari ielekee kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama kipo nyuma walikotoka.